Kusoma mafaili mengi kwa R: Amri ni mbili, ukaguzi ni mrefu

OFISI nyingi siku hizi hazina uhaba wa takwimu, ila takwimu zenyewe zimetawanyika. Mauzo ya kila siku yamo katika faili lake, mahudhurio ya kila shule katika jingine, na vipimo vya mvua vya kila kituo katika la tatu. Anayetaka kujua jambo moja la mwaka mzima hulazimika kuyafungua moja baada ya jingine, akinakili na kubandika hadi macho yachoke, na kila anaponakili anaweza kuruka mstari bila kujua.

Lugha ya R huondoa adha hiyo. Ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake namba 1.0.0 lilitolewa Februari 29, 2000. Ni programu huria, hailipiwi, na hufanya kazi katika kompyuta ya kawaida. Kwa mafaili yaliyowekwa katika folda iitwayo takwimu, kazi yote ni hii:

majina <- list.files("takwimu", pattern = "\\.csv$", full.names = TRUE)
yote <- do.call(rbind, lapply(majina, read.csv))

Amri ya kwanza hukusanya majina ya mafaili. Sehemu ya full.names isisahaulike, kwani bila hiyo R hupata jina la faili lakini haijui folda lilimo, na hujibu kwamba faili halipo. Katika amri ya pili, lapply huita read.csv kwa kila jina, na rbind huyapanga majedwali, moja chini ya jingine. Yawe mafaili kumi au elfu moja, amri ni zilezile.

Hapo wengi hudhani wamemaliza. Ukweli ni kwamba amri hizo zinachukulia kuwa mafaili yote yana sura moja, jambo ambalo ni nadra kwa takwimu zilizokusanywa muda mrefu.

Chukua takwimu za UVIKO-19 za Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Kuanzia Januari 22, 2020 hadi Machi 9, 2023 chuo hicho kilitoa faili moja kwa kila siku, yaani zaidi ya mafaili 1,100. Faili la kwanza lina safu sita. Kuanzia lile la Machi 22, 2020 safu zilifika 12, na hata majina yakabadilika: Country/Region ikawa Country_Region.

Ukikutana na hali hiyo, rbind hugoma, na kugoma huko ni msaada kwa mtumiaji. Amri ya bind_rows, iliyo katika kifurushi cha dplyr, haigomi. Huzichukua kuwa safu mbili tofauti, kisha hujaza NA, alama ya kukosekana kwa taarifa, kila penye pengo. Jedwali huonekana zima, kumbe nchi zimegawanyika katika safu mbili. Isitoshe, mafaili ya mwanzo yameandika Mainland China, na ya baadaye China. Kwa kompyuta, hizo ni nchi mbili.

Mpangilio nao una mtego. Mafaili hayo yamepewa majina kwa kutanguliza mwezi, kisha siku, kisha mwaka, na list.files hupanga kwa alfabeti. Matokeo yake, Januari 1, 2021 hufuatwa na Januari 1, 2022. Kwa kuwa idadi ya wagonjwa ni jumla tangu mwanzo wa ugonjwa, mtu akitoa siku moja kwa iliyotangulia ili kupata wagonjwa wapya, atapata hata idadi hasi. Dawa yake ni kuhifadhi jina la faili katika safu ya pekee wakati wa kusoma, kuligeuza kuwa tarehe kwa as.Date, kisha kupanga upya. Safu hiyo pia itakuonyesha kila mstari ulitoka wapi utakapoutilia shaka.

Lipo kosa jingine ambalo hakuna amri ya kuligundua. Katika mafaili hayo Tanzania inasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 kuanzia Mei 2020, na namba hizo hazisogei hadi Julai 2021. Safu ziko sawa, tarehe ziko sawa, wala hakuna NA hata moja katika namba hizo. Mchoro utakaotoka ni mstari ulionyooka, na asiyejua historia atasema ugonjwa ulikoma kwa zaidi ya mwaka. Kilichokoma ni utoaji wa taarifa. Kabla ya kuchora chochote, siku hizo zinapaswa kugeuzwa NA kwa mkono, na sababu iandikwe pembeni ya amri ili atakayepokea kazi hiyo aione.