Usiku, Mwezi na Mtu Aliye Peke Yake

Kisiwa cha Bwejuu kiko baharini, kati ya Mafia na delta ya mto Rufiji. Ni kisiwa kidogo cha wavuvi. Hakina simba. Kwa hiyo mtu wa Bwejuu hutoka nyumbani usiku, peke yake, bila fimbo wala taa, akaona si jambo.

Hata hivyo usiku wa Bwejuu una hatari yake, nayo ni maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupwa sana mnamo saa 4 usiku. Kisha hujaa mnamo saa 10 alfajiri. Kati ya kupwa na kujaa maji hupanda zaidi ya mita 3, karibu vimo viwili vya mtu. Wala hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza hupanda kidogo, lakini saa ya tatu na ya nne hupanda kwa kasi. Tena hupita kwanza mabondeni, nyuma ya fungu. Mtu amesimama juu ya mchanga mkavu, kumbe njia ya kurudi imekwisha kuzibwa. Mchana angaliona. Usiku huna wa kukuita, kama ulikwenda peke yako.

Hayo watu wa Bwejuu wanayajua tangu utoto. Wasilolizoea liko ng'ambo. Tuseme mvuvi amevuka kwenda Nyamisati kuuza samaki wakavu. Jua limekuchwa, na ndugu yake anakaa kijiji cha pili. Anasema, "Si mwendo wa saa moja tu?" Anashika njia peke yake, kama afanyavyo kwao.

Lakini bara ya Rufiji si kwao. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004, watu wapatao 35 waliuawa na simba huko Rufiji. Simba mmoja alipouawa alionekana ana jipu kubwa chini ya gego. Watu wakasema jino ndilo lililomfanya ale watu. Jino bovu halielezi yote. Katika Tanzania nzima, tangu 1990 mpaka 2004, simba waliua watu zaidi ya 560, na si simba wote hao waliokuwa na meno mabovu. Nguruwe mwitu huja shambani kula mazao. Simba humfuata nguruwe. Na mkulima yumo shambani, analala katika dungu akilinda mpunga wake. Hapo ndipo simba na mtu hukutana.

Mwaka 2011 wataalamu Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walitoa habari za mashambulio ya simba kusini mwa Tanzania, tangu 1988 mpaka 2009. Waliona kwamba watu wengi walishambuliwa tangu magharibi mpaka saa 4 usiku. Tena hatari ilizidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake si uchawi. Mbalamwezi ikiwaka, wanyama humwona simba na kumkimbia, naye hushinda na njaa. Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kutoka kila siku kwa kiasi cha dakika 50. Basi jioni huwa na giza, simba ana njaa, na watu bado wako njiani. Kurunzi husaidia kuona njia, lakini haimpi mtu macho ya kisogoni.

Watu wa pwani huhesabu mwezi kwa ajili ya bamvua. Hesabu hiyo hiyo yafaa hapa. Mvuvi wetu akifika Nyamisati jioni ya mwezi 18, mwezi hautatoka mpaka karibu saa 3 usiku. Heri aombe mkeka kwa mwenyeji, aondoke asubuhi pamoja na wanaokwenda shamba. Ndugu yake atamwona kesho.