Washindani wa kibiashara walivyoungana kuzuia ajali za magari

Dereva anayeligonga gari lililo mbele yake mara nyingi hakukosa breki. Alikosa sekunde moja au mbili za kuzitumia. Katika kuzitafuta sekunde hizo, kampuni za Ford na General Motors, washindani wakubwa katika soko la magari, ziliunda nchini Marekani mwaka 1995 ushirikiano wa utafiti unaojulikana kwa kifupi kama CAMP. Idara ya serikali ya usalama barabarani, NHTSA, ilishiriki katika miradi yake.

Swali la kwanza lilionekana jepesi: gari limwonye dereva wakati gani? Rada huweza kupima umbali na kasi ya gari lililo mbele. Lakini onyo likija mapema mno, dereva huliona kuwa kelele tu na mwishowe hulipuuza. Likichelewa, halimfai tena.

Ili kupata jibu, watafiti waliwapeleka madereva wa kawaida kwenye uwanja wa majaribio. Mbele yao lilivutwa gari bandia, jepesi, lenye umbo la sehemu ya nyuma ya gari, likiwa limeunganishwa kwa boriti inayojikunja inapogongwa. Dereva aliambiwa asubiri hadi nukta ya mwisho ndipo akanyage breki, mara kwa kawaida, mara kwa nguvu. Hivyo ikajulikana ni wapi binadamu mwenyewe huiona hatari, na onyo likapangwa kufuatana na tabia ya watu, si uwezo wa mashine pekee.

Ushirikiano ulikuwa wa lazima zaidi pale magari yalipotakiwa kupashana habari kwa redio, kwani hayawezi kuelewana iwapo kila kampuni ina lugha yake. Mwaka 2012 karibu magari 3,000 yalianza kujaribiwa mjini Ann Arbor, Michigan. Hata hivyo, pendekezo la kuzifanya redio hizo ziwe za lazima liliondolewa mwaka 2023.

Onyo la mbele limepata mafanikio makubwa zaidi. Mwaka 2016 kampuni 20 ziliahidi kuweka breki za dharura zinazojifunga zenyewe katika karibu magari yote mapya ya Marekani ifikapo Septemba 2022.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 walifariki barabarani mwaka 2021. Mashine inaweza kumwongezea dereva sekunde. Kuitumia vyema ni juu yake.