Tope la Longisa haliji Malindi

Aprili iliyopita nilikwenda Longisa, kaunti ya Bomet, kwa harusi ya mpwa wangu. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi mitaro ya barabarani ilikuwa ikiteremsha maji mazito, rangi ya chai ya maziwa. Nikamtania baba wa bibi harusi: "Mzee, udongo wenu huu ndio unaotuharibia bahari kule Malindi." Akacheka. "Mto wetu hauji kwenu, ndugu yangu. Unakwenda Tanzania."

Kweli, niliaibika. Sisi watu wa pwani tumezoea kusema "tope la bara" kana kwamba bara ni shamba moja. Maji ya Longisa huingia mito ya Amala na Nyangores, ambayo chimbuko lake ni msitu wa Mau. Mito hiyo hukutana ikawa Mto Mara, ukapita mbugani na kuishia Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Kabla ya kufika ziwani hupunguza mwendo kwenye vinamasi vya mafunjo, na sehemu kubwa ya udongo hutua humo. Kinachobaki hutua ziwani.

Letu sisi linaletwa na Sabaki. Huanza kwa jina la Athi kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi, hukata Ukambani, hukutana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha humwaga baharini kaskazini ya Malindi. Maji yakienda mbio hubeba kila kitu. Yakipunguza mbio hutua mzigo, kizito kwanza. Ndiyo maana mchanga hubaki karibu na mlango wa mto, ukasukumwa na mawimbi na upepo hadi kuwa vilima vile vya kuelekea Mambrui. Udongo laini huelea mbali zaidi. Lakini ukikutana na chumvi, chembe zake hugandana, huwa nzito, na kuzama kwenye uwanda wa chini ya bahari ulio kabla ya kilindi. Kwetu uwanda huo ni mwembamba sehemu nyingi, ila hupanuka kwenye Ghuba ya Ungwana, na ni tope hilo la Ungwana linalolea kamba. Kwa hiyo tope si adui siku zote. Mvuvi wa kamba halitukani.

Shida ni kiasi. Matumbawe hukua kwa tabaka kama miti, na kila tabaka huhifadhi alama ya maji ya wakati wake. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Lilionyesha udongo ukianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa ukoloni, ardhi ya juu ilipofyekwa na kulimwa. Basi si jambo la jana.

Pepo nazo zina kauli. Kusi husukuma tope kaskazini, upande wa Ungwana. Kaskazi hulirudisha kwetu, juu ya matumbawe ya hifadhi ya Malindi iliyotengwa mwaka 1968. Wazee wanajua hili bila kitabu. Wanajua pia kwamba ufuo wa mji umesogea, na hoteli zilizojengwa ukingoni mwa maji sasa zinatazama mchanga mtupu.

Mto Tana una hadithi nyingine. Mabwawa ya umeme, likiwemo Masinga la mwaka 1981, hunasa udongo mwingi wa milimani. Sabaki kwa miaka mingi haikuwa na bwawa kubwa la namna hiyo. Kinga yake ni matuta ya mashambani, na Ukambani wanayajua tangu zamani. Mvua inapokuwa kali na shamba halina tuta, ndipo Malindi hupokea.

Mzee ameahidi kutuzuru Januari. Itakuwa kaskazi, na bahari itakuwa ya kahawia. Najua atakachouliza, na safari hii nitamjibu kwamba hilo si lake.