Midomo ya Mtoto Ikikauka: Tuangalie Kwanza, Ndipo Tupake



Mtoto wa mwaka mmoja au miwili akikauka midomo, kila mtu nyumbani huwa na dawa yake. Nyanya anasema asali. Jirani anasema yale mafuta ya kuchua kifua. Mwingine analeta ndimu. Kila mmoja ana nia njema, lakini baadhi ya dawa hizo zaweza kumdhuru mtoto. Tena kuna wakati midomo mikavu haiponi kwa kupaka kitu chochote, kwa sababu mwili wenyewe umepungukiwa na maji. Hayo ndiyo tunataka kuyaeleza hapa.

KWA NINI MIDOMO HUKAUKA

Ngozi ya midomo ni nyembamba kuliko ya mashavu, na haitoi mafuta ya kujilinda. Kwa hivyo unyevu wake hutoroka upesi. Hapa Fedha, upande wa Embakasi, tunakaa juu: uwanja wa ndege ulio jirani yetu uko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Januari na Februari hewa ni kavu na vumbi ni tele. Mwezi wa Julai baridi inaingia, pua za watoto zinaziba, na mtoto akilala anapumua kwa mdomo. Vijijini nako mnayajua mambo haya, hasa mahali pa jua kali na upepo.

Halafu kuna kulamba. Midomo ikikauka mtoto huilamba apate nafuu. Lakini mate yanapokauka huondoka na unyevu wa ngozi. Isitoshe, kazi ya mate ni kuanza kusaga chakula, kwa hivyo yakikaa juu ya ngozi huiwasha. Basi mtoto analamba, mdomo unazidi kukauka, naye anazidi kulamba. Mwishowe unaona duara jekundu limezunguka mdomo. Kumgombeza hakusaidii, kwa maana hajui anachofanya.

KWANZA ANGALIA

Kabla ya kufungua kopo la mafuta, mtazame mtoto mwenyewe. Je, anacheza kama kawaida? Ulimi wake una mate? Akilia, machozi yanatoka? Anakojoa kama siku zote? Kama majibu ni ndiyo, hiyo huenda ni shida ya ngozi tu, na unaweza kuituliza nyumbani.

Lakini ikiwa mtoto anahara, anatapika au ana homa, na ulimi umekauka, macho yameingia ndani, hana machozi, mkojo ni kidogo, au anakunywa kwa pupa kama mwenye kiu sana, hapo usihangaike na midomo. Mtoto anaishiwa na maji. Mwanzishie maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaani ORS, na umpeleke kliniki. Soma pakiti uone inataka maji safi kiasi gani, maana si zote zilizo sawa. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara. Wa miaka miwili na zaidi mpe 100 hadi 200. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10 halafu uendelee polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kliniki pia watakupa vidonge vya zinki. Mtoto wa miezi sita na zaidi hutumia miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Mtoto akilegea sana, akishindwa kunywa, au ukiinua ngozi ya tumbo kwa vidole nayo ikakawia kurudi, usingoje kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

NAMNA YA KUTULIZA MIDOMO

1. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Panguza mate na chakula kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu. Usisugue. Gusa-gusa tu mpaka pakauke.

3. Paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi, yale ambayo wengi huyaita vaseline hata kopo likiwa na jina jingine. Paka utando mwembamba juu ya midomo na pale palipo pekundu kandokando. Mafuta haya hayaongezi maji. Kazi yake ni kufunika ngozi ili unyevu usitoke na mate yasiingie. Mtoto akilamba hayo kidogo, hayamdhuru.

4. Rudia baada ya kila mlo, kabla ya kutoka nje, na wakati wa kulala.

5. Usimbandue ngozi iliyoinuka. Ukiivuta inatoa damu na kuacha kidonda.

6. Mpe maji safi ya kunywa mara kwa mara. Kwa siku chache, acha ndimu, machungwa, pilipili na krisps za chumvi, kwani huchoma palipopasuka.

Nunua kopo lililofungwa, lenye alama ya ubora ya KEBS. Chota kwa kijiko safi, si kwa vidole vya kila mtu. Kopo likae mbali na mkono wa mtoto.

VITU VYA KUEPUKA

Mafuta ya kuchua yenye kafuri au mentoli: Hata kiasi kidogo cha kafuri, mtoto akikimeza, chaweza kumletea degedege. Na kitu ukipaka mdomoni, mtoto atakimeza tu.

Asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja: Asali yaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli na kuzuia pumzi. Kuichemsha jikoni hakuviui.

Mafuta ya taa: Wengine husema, "Si yote hutoka kwa petroli?" Hata kama ni hivyo, hayafanani. Mafuta ya taa yakiingia mapafuni yanaweza kuua. Yasiguse mdomo wa mtoto kamwe, wala yasiwekwe katika chupa ya soda.

Krimu za mtu mzima, za kung'arisha ngozi au za dawa: Zisitumiwe mdomoni mwa mtoto bila maagizo ya daktari.

WAKATI WA KWENDA KLINIKI

Nenda kama wiki moja imepita bila nafuu yoyote, au kuna usaha, malengelenge, au damu isiyokoma. Pembe za mdomo zikipasuka mara kwa mara, huenda ni ukungu au viini vingine, au mtoto amepungukiwa na madini ya chuma au vitamini za kundi B. Hapo mafuta hayatoshi. Mhudumu atatazama, na nyumbani mtoto apewe maziwa, mayai, maini, omena, maharagwe, na mboga kama terere na managu.

Homa ikifika siku tano, na midomo ni myekundu na imepasuka, macho mekundu, au mwili una vipele, mpeleke hospitali bila kuchelewa.

KAZI YA KIKUNDI

Katika mkutano wenu ujao, kila mmoja alete kopo au chupa anayotumia kumpaka mtoto. Someni pamoja yaliyoandikwa. Yenye kafuri au mentoli yatengwe. Kisha mwulizeni mhudumu wa afya wa mtaa au kijiji chenu awaonyeshe kuchanganya ORS, na kila mama na baba ajaribu kwa mikono yake. Mwanzoni mwa Januari na mwanzoni mwa Juni, mkumbushane tena.