Jicho Lisilokubali Miwani: Lenzi Maalumu na Wagonjwa wa Songwe

Tunduma ni mji unaodai macho makali. Dereva wa lori anayesubiri kuvuka kwenda Nakonde, wakala wa forodha anayesoma tarakimu ndogo za nyaraka, na mfanyabiashara anayehesabu shilingi na kwacha, wote hutegemea uoni ulio sahihi. Wengi wenye uoni hafifu husaidiwa na miwani. Lakini wapo, hasa vijana, wanaobadilisha miwani mara kwa mara na bado huona herufi zenye vivuli na taa za magari zilizotawanyika usiku. Kwa hao, tatizo huenda likawa umbo la jicho lenyewe.

Kioo kilichopoteza umbo

Mbele ya mboni kuna konea, kioo angavu kinachoingiza mwanga jichoni. Katika maradhi ya keratokonasi, konea huwa nyembamba na kuchongoka mfano wa pia. Maradhi haya aghalabu huanza katika ujana. Kufikicha macho huyachochea. Kwa hiyo mtoto mwenye mzio wa macho wa muda mrefu yumo katika hatari zaidi. Makovu ya vidonda na majeraha pia huweza kuiacha konea bila ulinganifu.

Miwani hukaa mbali na jicho, hivyo haiwezi kusawazisha mabonde na vilima vya konea. Lenzi ngumu inayopitisha hewa huweza. Ikivaliwa, machozi hujaza nafasi iliyo chini yake, na mwanga hukutana na uso mmoja laini. Lenzi ya sklera ni pana zaidi: hukaa juu ya sehemu nyeupe ya jicho na kuiruka konea pasipo kuigusa. Wazo hili si geni. Mnamo 1888 daktari Adolf Eugen Fick, akiwa Zürich, alichapisha maelezo ya lenzi za kioo alizozijaribu kwa wagonjwa.

Lenzi hizi hutengenezwa kwa kipimo cha kila jicho. Mtaalamu hupima umbo la konea, humvisha mgonjwa lenzi za majaribio, hutia rangi maalumu na kuchunguza chini ya mwanga wa buluu mahali lenzi inapobana au kulegea. Ndipo huagiza iliyo sahihi.

Wajibu wa mhudumu

Mhudumu wa zahanati ya Momba au Ileje hahitaji mashine ya gharama ili kushuku tatizo hili. Kadi yenye kitundu kidogo yatosha kwa kuanzia. Mgonjwa akisoma vizuri kupitia kitundu, lakini miwani iliyopimwa kwa uangalifu haimfikishi hapo, konea ishukiwe. Katika hatua za mbele, kope ya chini huchongoka kama herufi V anapotazama chini.

Rufaa huanzia hospitali ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na ikibidi Muhimbili au KCMC. Kwa kuwa nauli ni mzigo, mhudumu aulize kwanza kama upimaji wa umbo la konea unapatikana aendako mgonjwa.

Kuchelewa kuna gharama. Lenzi hurudisha uoni, lakini haizuii maradhi kuendelea. Tiba ya kuimarisha konea kwa matone ya vitamini B2 na mionzi ya urujuanimno huweza kuyasimamisha, mradi konea haijawa nyembamba mno. Kovu likishaziba njia ya mwanga, huenda ikabaki kupandikiza konea.

Kwa anayevaa lenzi

Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kugusa lenzi. Usiioshe kwa maji ya bomba, kisima wala mate, kwani vimelea vilivyomo huweza kuiharibu konea. Tumia dawa yake maalumu. Usilale nayo. Lenzi ya sklera hujazwa maji-chumvi safi yasiyo na vijidudu kabla ya kuvaliwa. Usiazimane lenzi, na usivae za urembo zinazouzwa bila kupimwa. Jicho likiuma, likiwa jekundu au uoni ukififia, vua lenzi na uende kituoni siku hiyo hiyo.

Wazazi nao wasipuuze mtoto anayefikicha macho kila mara. Kutibu mzio mapema ni rahisi kuliko kutafuta lenzi ukubwani.