Dirisha la Bawaba za Juu: Hewa Ndani, Mvua Nje

Mvua za masika zinapoanza, nyumba nyingi katika Kaunti ya Kilifi hufungwa madirisha mchana kutwa. Maji hayaingii, lakini joto, moshi na unyevu hubaki ndani na kuta huota kuvu. Kwa mkazi anayejenga au kukarabati nyumba, dirisha lenye bawaba upande wa juu linaweza kupunguza tatizo hilo.

Dirisha hili husukumwa nje kutoka chini. Likiwa wazi, kioo hukaa mshazari na kumwaga maji nje, huku hewa ikipita chini na pembeni. Hata hivyo, upepo mkali wa kusi huweza kuipeperusha mvua hadi ndani. Wakati huo lifungwe.

Mahali pa kuliweka

Linafaa jikoni, bafuni na chooni, hasa likiwekwa juu ya usawa wa macho: hewa moto hupanda na kutoka, na faragha hubaki. Kukiwa na dirisha jingine kwenye ukuta unaotazamana nalo, hewa hupita vizuri zaidi. Lisifungukie barazani wala kwenye ujia, kwani ncha yake inaweza kumuumiza mpita njia.

Kwa chumba cha kulala, tahadhari inahitajika. Dirisha hili kwa kawaida halifunguki wazi kabisa, hivyo moto ukizuka huenda mtu asiweze kupita. Kila chumba cha kulala kiwe na angalau dirisha moja pana la kutokea. Likiwa na grili, iwe ya kufunguka kwa ndani bila kutafuta ufunguo gizani.

Aidha, dirisha wazi si ruhusa ya kulala na jiko la makaa chumbani. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua mtu akiwa usingizini.

Kabla ya kumlipa fundi

Karibu na bahari, kama Malindi na Mtwapa, chumvi hula chuma haraka. Fremu ya alumini hustahimili zaidi, lakini bawaba na skrubu nazo ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kwa kuwa dirisha hufunguka nje, grili na wavu wa mbu hukaa ndani. Mkazi akubaliane na fundi mapema jinsi mkono utakavyofika kwenye komeo bila kuacha pengo la mbu.

Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, anayejenga anahitaji idhini ya kaunti kabla ya kazi kuanza. Madirisha yaoneshwe kwenye ramani ya nyumba.

Kazi ikikamilika, dirisha lifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, kisha limwagiwe maji kwa nje. Likivuja, fundi alirekebishe kabla ya kupokea malipo ya mwisho.