Muuguzi Anayefungua Mwongozo Mbele ya Mgonjwa

Mtoto wa kilo 10 anafikishwa kwenye kituo cha afya huko Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, akiwa na homa kali na degedege. Kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Anayempokea kwa kawaida si daktari, kwani vituo vya afya vya mitaani nchini Kongo huongozwa na muuguzi, yule anayejulikana kwa herufi mbili, IT, kifupi cha Kifaransa cha infirmier titulaire. Kabla ya kumpeleka mtoto hospitali kubwa, inambidi amchome sindano ya kwanza. Ya dawa gani, na kiasi gani?

Jibu la swali hilo limebadilika mara mbili katika muda mfupi. Zamani lilikuwa kwinini. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa AQUAMAT, uliolinganisha kwinini na dawa ya artesunate kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesunate, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza artesunate kwa watoto, miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito. Kisha ikabainika kuwa kwa kipimo hicho miili ya watoto wadogo hupata dawa pungufu kuliko ya watu wazima. Mwaka 2015 kipimo cha mtoto aliye chini ya kilo 20 kikapandishwa hadi miligramu 3. Mtoto wetu basi anahitaji miligramu 30, wala si 24.

Muuguzi aliyehitimu mwaka 2009 alifundishwa kwinini. Aliyehudhuria semina mwaka 2012 alirudi na kipimo cha 2.4. Wote wawili walisoma kwa bidii. Sayansi ndiyo iliyosonga mbele. Ndiyo maana kumbukumbu peke yake haitoshi, hata kwa muuguzi hodari.

Msaada upo. Mwongozo wa tiba wa Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) hupatikana bure kwa Kifaransa, na programu yake ya simu hufanya kazi bila intaneti ukishaipakua. Tanzania imepiga hatua zaidi: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, vituo 20 vilipewa tableti zinazomwongoza mhudumu hatua kwa hatua anapompima mtoto. Huko antibiotiki ziliandikwa kwa asilimia 23 ya watoto wagonjwa, dhidi ya asilimia 70 katika vituo 20 vilivyoendelea na utaratibu wa kawaida, na hali ya kupona kwa watoto haikuwa mbaya zaidi.

Lakini mwongozo hausaidii ukifungiwa kabatini, wala simu iliyozimika kwa sababu umeme umekatika. Pia mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa Kiswahili, na muuguzi anatafuta jibu kwa Kifaransa huku foleni ikirefuka mlangoni. Kwa hiyo jedwali la vipimo vya dawa libandikwe ukutani, lenye mwaka wa toleo, na mabadiliko yakitoka lile la zamani liondolewe.

Nasi wagonjwa tuna wajibu wetu. Tukimwona muuguzi anafungua kitabu au simu kabla ya kuvuta dawa kwenye bomba la sindano, tusinong'one kwamba hajui kazi. Tumpe dakika hiyo, kwani anahakikisha mtoto wetu anapata dawa kamili.